Rudi, Rudi, Rudi… Wapi! Kurudisha Trela Muthangari, Kutoka Kumi Hadi Moja

Nairobi haina uhaba wa madereva hodari, mradi safari iwe ya kwenda mbele. Mtu anapenya Waiyaki Way saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya mabasi na bodaboda, na vioo vyake vya kando vinafika kazini vikiwa vizima. Mfungie trela nyuma, umwambie aingie kinyumenyume kwenye geti moja la mtaa wa Muthangari, ndipo utakaposikia habari za mgongo unaouma, jua la machoni na simu ya dharura kutoka nyumbani.

Na kazi hiyo Muthangari ipo tele. Hapa palikuwa na kahawa ya misheni ya St. Austin's, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1899. Baadaye zikaja nyumba za chini zenye bustani pana, ua wa kayaba, na geti lililopimwa kwa upana wa Peugeot ya mwenye nyumba. Siku hizi nyumba hizo zinabomolewa moja moja ili ghorofa zipande, lakini vijia na mageti vimebaki na vipimo vyake vya zamani. Lobedi inaleta tingatinga la kuchimba msingi. Pikapu inavuta jenereta. Ijumaa jioni zinaingia trela za vyoo vya harusi ya kesho. Zote huingia kwa mkia, kwa sababu ndani hakuna pa kugeuzia.

Tunahesabu kuanzia jepesi kwenda gumu. Atakayefika nambari moja bila kugonga kitu anaruhusiwa kujisifu mpaka kesho yake asubuhi.

10. Kujua umefunga nini

Trela ina namba yake ya usajili, inayoanza na herufi Z, tofauti na ya gari linaloivuta. Yaani hata serikali imekubali kwamba hicho ni kiumbe kingine chenye mambo yake. Mwanafunzi naye akubali mapema. NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, imelitengea lori zito lenye trela daraja lake la leseni, CE. Wewe uliyefuzu B kwa kuzungusha kigari cha kuchezea juu ya ule ubao wa mji wa mfano pale shule ya udereva, kumbuka ubao ule haukuwa na trela. Ulikuwa na raundabauti, mishale na matumaini.

9. Usukani msema uongo

Gari likiwa peke yake, ukirudi nyuma na kukata usukani kulia, mkia unakwenda kulia. Haya ni mapatano ya zamani kati yako na gari lako. Funga trela, mapatano yanavunjika: ukikata kulia, mkia wa gari bado unakwenda kulia, lakini unaisukuma shingo ya trela kulia pia, na matokeo yake mkia wa trela unakwenda kushoto. Mwanafunzi anaona trela inakwenda kushoto, anashtuka, anakata kulia zaidi ili airudishe. Trela inashukuru na kuongeza mwendo wa kushoto.

Dawa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Shika usukani chini kabisa, karibu na magoti, kwa mkono mmoja. Ukitaka mkia wa trela uende kushoto, peleka mkono kushoto. Ukitaka uende kulia, peleka mkono kulia. Basi. Hakuna hesabu za kichwani wala kuomba dua.

Kuna nusu ya pili ambayo wanafunzi huisahau. Trela ikishaanza kukunja, usiendelee kushikilia usukani pale pale. Urudishe taratibu, kisha uukate upande wa pili kidogo ili kichwa cha gari kiifuate trela kule inakokwenda. Asiyeifuata ataona pembe inazidi kuwa kali mpaka kona ya trela inakuja kumsalimu dirishani.

8. Trela fupi, balaa refu

Watu huogopa ile ndefu. Wanaangalia kontena la futi 40, zaidi ya mita 12 za chuma, na magoti yanalegea. Kumbe ile ndefu ni ya kiungwana. Umbali kutoka kwenye maungio hadi kwenye ekseli zake ni mkubwa, kwa hiyo inageuka polepole, na ukikosea unapata nafasi ya kuona kosa likikua na kulitibu likiwa bado changa.

Shida iko kwa kale katrela kafupi ka ekseli moja, kanakobeba jenereta au kompresa ya kuchimbia lami. Ukigusa usukani tu, kameshageuka. Ukigeuka kutazama, kamesimama ubavu kwako kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni. Na kwa kuwa ni kembamba kuliko gari lenyewe, kwenye kioo hukaoni mpaka kameshatoka nje ya njia, na hapo ndipo unapokaona vizuri sana.

Mwezi wa tano unapoelekea kwisha, wenye magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya porini yaliyoanza 1989, huonekana mitaa hii wakiyapakia magari yao kwenye trela. Gari linaloweza kuparamia jabali linabebwa mpaka huko, na bingwa wa kuliparamisha anatoka jasho dakika kumi akijaribu kurudisha trela kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe. Majirani huleta viti.

7. Mama wa Kijapani

Malori mengi yaliyotumika Japani yamekuja na sauti yake ya kurudi nyuma: mama mpole anayetangaza kwa Kijapani kwamba gari linarudi, tafadhali jihadharini. Amekuwa akitangaza Nairobi miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewahi kumwelewa, lakini tunamheshimu kwa sababu ndiye mtu pekee katika shughuli nzima asiyepaza sauti.

Wengine wameongeza teknolojia. Ford waliweka kwenye F-150 ya mwaka 2016 kitufe cha kuzungusha: unakielekeza unakotaka trela iende, na gari linajikatia usukani lenyewe. Ni kitu kizuri. Hata hivyo kitufe hicho hakijui kwamba kibanda cha matunda kilichokuwa upande huu jana kimehamia upande ule leo, kufuata kivuli. Nao jamaa zetu walioko Uingereza wamepata nafuu ya aina nyingine: tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya gari dogo anavuta trela ya hadi kilo 3,500 bila kufanya mtihani wa ziada. Wanatutumia picha. Hatujaona hata moja ya kurudi nyuma.

6. Upande wa dere na upande wa giza

Dereva wetu anakaa kulia. Akirudi huku mkia wa trela ukikunja kulia, anachungulia dirishani na kuona kila kitu: tairi la mwisho, nguzo ya geti, paka. Huo ndio upande wa dere, na mtu mwenye busara hufanya kila hila arudie huko.

Mkia ukikunja kushoto, kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa trela tu, na kioo cha kulia kinaonyesha mbingu na jakaranda. Dereva anarudi akiwa kipofu. Ndiyo maana utaona lori limefika kwenye geti, geti liko wazi, soja amesimama kando, halafu lori linapita moja kwa moja na kupotelea mbele. Mwenye mjengo anapiga simu kwa hasira: "Dere, umetupita!" Hajatupita. Amekwenda kutafuta pa kuzungukia ili aje kutoka upande wa pili, geti liwe kwake. Huyo mpe chai. Anayestahili kupigiwa simu ni yule anayesimama palepale na kusema nafasi inatosha.

Kujipanga ndiyo kazi yenyewe. Pita geti, nyoosha gari na trela viwe mstari mmoja, acha nafasi kati yako na ukuta, ndipo uanze. Aliyejipanga vibaya ataanza kurekebisha kabla hata hajaanza kurudi, na atarekebisha mpaka adhuhuri.

5. Pua ya gari

Macho yote yako nyuma. Dere anaangalia nyuma, tanboi, msaidizi wake, anaangalia nyuma, Mama wa Kijapani anaongea nyuma. Wakati huo pua ya lori inafagia upande wa pili wa barabara, kwa sababu mkia wa trela ukienda huku, kichwa lazima kiende kule. Kule kuna ua wa kayaba wa jirani, wenye miiba mirefu isiyojali rangi ya gari ni ya bei gani. Kuna mtaro usio na mfuniko. Juu kuna nyaya za intaneti zilizolegea, na anayezikata atajulikana mtaa mzima kabla injini haijapoa, maana nyumba zote zitatoka nje kwa pamoja kuuliza kulikoni.

Tuzungumze kidogo kuhusu kalivati la getini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito inaruhusu tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na barabara kuu zimejengwa kubeba hivyo. Kalivati la getini lilijengwa na fundi wa mtaa kubeba Peugeot tuliyoitaja. Shuka ulikanyage kwa mguu, utazame kingo zake, umuulize soja lina miaka mingapi. Akicheka, tafuta mbao nene za kutandika.

4. Trela yenye maungio mawili

Ile inayovutwa na lori zima, ambayo ekseli yake ya mbele nayo inageuka pamoja na shingo. Hapo kuna maungio mawili, na kila ungio linageuza uongo wa mwenzake, kwa hiyo usukani unarudi kusema kweli: ukikata kulia, mkia wa trela unakwenda kulia. Ila kile kipande cha katikati kinakwenda kinapotaka, na kikishakunja hakinyooki kwa kubembelezwa. Madereva wengi huiombea trela hii geti lenye njia mbili, la kuingilia na la kutokea, waende zao mbele. Ukimwona mtu anairudisha sawasawa mtaani, pisha, na uzime kamera. Huyo hahitaji mashabiki.

3. Kutamani Kenyatta Avenue

Waliotutangulia walikuwa na jibu la tatizo hili, nalo lilikuwa kutorudi nyuma kabisa. Husimuliwa kwamba Kenyatta Avenue, iliyowahi kuitwa Delamere Avenue, iliachwa pana vile ili mkokoteni wenye ng'ombe dazeni waliofungwa wawili wawili uweze kugeuka mzima mzima bila kukwama. Ina mantiki. Jaribu kumwambia ng'ombe wa mbele arudi nyuma, naye awaambie wenzake kumi na moja.

Upana ule uliishia mjini. Huku Muthangari hatukugaiwa. Unaweza kutoka Mlolongo na gari lako ukapanda Expressway, iliyofunguliwa 2022, kilomita 27, ukashukia James Gichuru hata kipindi cha redio hakijaisha. Kisha ile trela unayoiita ndogo inachukua asubuhi nzima kumaliza mita kumi na tano za mwisho.

Wanaoijua kazi hii kwa mwili wapo hapo karibu, wanatoka Kawangware na mikokoteni ya mitungi ya maji na mabati. Mtazame hamali akiingiza mkokoteni kinyumenyume kwenye kichochoro: anasogeza mikono kushoto ili mkia uende kulia, halafu anazunguka na kuufuata. Hajaambiwa habari za usukani wala maungio. Dereva mwanafunzi akikaa naye saa moja na kuomba ausukume mkokoteni ule mtupu, atajua zaidi ya alichojifunza kwa wiki nzima akiwa ameketi. Atalipa soda. Ni karo nafuu.

2. Kuona haya kusonga mbele

Hili linawashinda wanaume wazima. Trela imeshakunja vibaya, kila mtu anaona, hata dere anaona, lakini atang'ang'ana na rivasi kana kwamba kwenda mbele ni kukiri kwamba babake hakuwa dereva. Anakata huku, anakata kule, trela inazidi kujikunja, harufu ya klachi inapanda.

Songa mbele! Gia ya kwanza, mita tano au kumi, trela inajinyoosha yenyewe bila kuombwa, unaanza upya. Hakuna anayehesabu mara ulizosonga, na anayehesabu hana kazi. Nawasikia wanaosema kwamba dereva hodari huingiza kwa mara moja. Huyo hodari mwangalie vizuri: anasonga mbele mapema, pembe ikiwa bado ndogo, hata hujui kama amefanya kosa.

Na mwendo? Usikanyage mafuta. Rivasi ikiingia, acha injini ivute yenyewe, au isukume, tuseme. Makosa ya polepole ni madogo. Na ukiwa na shaka, vuta breki ya mkono, shuka, uzunguke uangalie kwa macho yako. Wanaopita watakucheka kidogo. Wanaopita hawatalipa geti.

1. Wasaidizi

Sasa tumefika. Yote tuliyotaja unaweza kuyajifunza kwa mchana mmoja uwanjani, penye ndoo mbili za rangi zikiwa nguzo za geti. Uwanjani hakuna watu. Muthangari kuna watu, na kurudisha trela ni mali ya umma.

Lobedi imejipanga barabarani, tingatinga limekaa juu, geti la mabati limefunguliwa. Rivasi inaingia, na kama waliokuwa wakingoja kipenga, wanatokea.

Soja yuko kushoto: "Lete, lete, lete, lete." Sauti yake haipandi wala haishuki. Ni lete ile ile ukiwa mbali mita tano na ukiwa mbali kidole kimoja.

Foromani yuko juu ya kifusi: "Kata! Kata yote!" Upande gani, hajasema. Kwake ni dhahiri.

Mwenye boda amesimama kulia, miguu chini, hajazima pikipiki: "Nafasi iko kibao, mkubwa! Ingia tu!" Tumwelewe. Upana anaoujua yeye ni wa usukani wa pikipiki.

Nyuma kuna Prado inapiga honi, na ndani yake mama mmoja anayetaka kufika kwa daktari wa meno, jambo ambalo ni haki yake lakini halisaidii.

Kisha mama mboga, karibu na nguzo, bila kupaza sauti: "Kijana, hapo utanimwagia nyanya." Msikilize huyu. Katika umati wote ule, yeye peke yake amepima umbali kwa usahihi, kwa sababu yeye peke yake ana mali iliyo hatarini.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kurudisha trela haina uhusiano wowote na usukani: sauti moja. Kabla ya kugusa gia, dere na tanboi wanakubaliana nani anaongoza, na wengine wote, hata mwenye ploti aliyekuja na kofia ya mjengo inayong'aa, ni watazamaji. Tanboi anasimama mahali ambapo dere anamwona kwenye kioo, upande wa dere, hatua kadhaa kando ya njia ya trela. Hasimami kati ya trela na ukuta, hata kwa sekunde moja, hata kama amewahi kusimama hapo akapona. Na dere akiangalia kioo asimwone tanboi, anasimama. Hamfikirii yuko wapi. Anasimama mpaka amwone.

Mikono inasema vizuri kuliko mdomo. Viganja viwili vilivyoachana vinaonyesha nafasi iliyobaki, na vinakaribiana kadiri trela inavyokaribia, mpaka vinakutana. Hapo hakuna lete wala lete. Wengine hutumia kiganja kwenye bodi: pigo moja simama, mapigo mawili endelea. Ni lugha nzuri ya kazi, isipokuwa saa za watoto kutoka shule, maana hakuna mtoto anayepita kando ya ubavu wa chuma bila kuupiga mara mbili.

"Mzee, kidogo kwa dere," anasema tanboi.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ya kawaida. Hapo. Nyoosha. Nyoosha, mzee. Sasa mfuate."

Tairi la mwisho linapita nguzo ya geti, na kati yake na nguzo ungeweza kupitisha kiganja. Kalivati linalia kidogo na kunyamaza. Nyanya ziko salama. Soja bado anasema lete, kwa mazoea. Tanboi anafunga viganja, hewa ya breki inapiga fyuu, na watu wa boda wanapiga makofi kama waliochangia.

Foromani anashuka kutoka kwenye kifusi, anazunguka nyuma ya lobedi, anatazama ukuta ulio hatua mbili kutoka kwenye ngazi za kushushia tingatinga. Anarudi mpaka dirishani.

"Dere, umeingia vizuri sana. Sasa tingatinga litashukia wapi, sebuleni kwa jirani?"

Dere anatazama kioo cha kulia, anatazama Prado iliyokwisha kujipenyeza mbele ya pua yake, na kumwita tanboi.

"Kijana, nenda mwambie mama arudi nyuma kidogo."